Gesi asidi: namna hewa ukaa na haidrojeni salfaidi zinavyotengwa na haidrojeni

Utenganishaji wa gesi asidi ni hatua ya kiwandani inayoondoa hewa ukaa na haidrojeni salfaidi katika mchanganyiko wa gesi ili ibaki haidrojeni. Kwa wakulima wa Mbozi, Mbarali na Mufindi jambo hili liko karibu kuliko linavyosikika, kwa kuwa urea wanayokuzia mahindi huanzia kwenye haidrojeni: huunganishwa na naitrojeni ya hewani kupata amonia, kisha amonia hukutanishwa na hewa ukaa ileile iliyotengwa awali, ndipo urea ikapatikana.

Haidrojeni nyingi duniani hutokana na gesi asilia au makaa ya mawe yanapokutanishwa na mvuke katika joto kali. Kaboni iliyomo huchukua oksijeni na mwishowe huwa hewa ukaa, ilhali salfa, ambayo makaa ya mawe kama ya Kiwira hayakosi kuwa nayo, hugeuka haidrojeni salfaidi.

Kinachowezesha kuzitenga ni tabia moja: gesi hizi mbili zikiyeyuka majini hufanya asidi dhaifu, na haidrojeni haifanyi hivyo. Kwa hiyo mchanganyiko husukumwa kwa shinikizo kubwa kutoka chini ya mnara mrefu, huku kutoka juu ukitiririka myeyusho wa amini, kemikali ya jamii ya amonia yenye sifa za besi, yaani kinyume cha asidi, ukiwa na joto la nyuzi 40 hivi. Gesi asidi hunaswa, haidrojeni hutokea juu. Myeyusho uliokwisha kushiba hupelekwa kwenye mnara wa pili, ambako shinikizo hupunguzwa na joto hupandishwa hadi karibu nyuzi 120, nao huziachia gesi na kurudi kazini. Kwa maoni yangu huu ndio ustadi wenyewe, maana kemikali ni ileile mzunguko baada ya mzunguko, ingawa kuichemsha hula nishati nyingi.

Hewa ukaa ikisalia kidogo, zipo njia za kuimalizia. Salfa haivumiliki: hata sehemu moja katika milioni yatosha kudhoofisha kichocheo cha nikeli, metali inayoharakisha mmenyuko wa gesi asilia na mvuke, na ndiyo sababu viwanda vya gesi asilia huiondoa mwanzoni kabisa kwa vidonge vya zinki oksaidi. Ile inayokusanywa mnarani hugeuzwa kuwa salfa ya njano kwa mbinu inayotokana na kazi ya mkemia Carl Friedrich Claus ya mwaka 1883.

Haidrojeni salfaidi ni sumu kali kwa binadamu pia. Ikiwa kidogo sana hunuka kama yai viza, lakini ikifikia takriban sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa kunusa, hivyo mfanyakazi huweza kudhani imekwisha ilhali imezidi. Karibu na minara hii hutegemewa vipimo vya gesi vinavyovaliwa kifuani, si pua.