Usikisugue Kisukuku Kilichojiviringa Kabla Hakijatambuliwa

Idara yetu imekuwa ikiletewa visukuku vya baharini vilivyojiviringa, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vingi vikiwa vimekwisha kusuguliwa kwa brashi ya chuma au kulowekwa kwenye siki, na aliyekiokota akitaka aambiwe papo hapo ni konokono wa aina gani. Tunashukuru kwa moyo wa kuvileta, lakini ieleweke kwamba kujiviringa peke yake hakuthibitishi kuwa ni konokono. Wala si nyoka aliyegeuka jiwe: vichwa vya nyoka vilivyo kwenye baadhi ya amonaiti (wanyama wa baharini wa kale wenye gamba) wa Whitby, Uingereza, vilichongwa na binadamu.

Gamba la konokono kwa kawaida halina kuta ndani, na mara nyingi huchongoka upande mmoja kama pia ya kuchezea watoto. Amonaiti na notiloidi, ambao ni jamaa ya ngisi na pweza, waligawa magamba yao katika vyumba kwa kuta, na kila ukuta ulipogusana na gamba ukaacha mshono. Kwa notiloidi wengi mshono hupinda taratibu; kwa goniatiti, jamaa wa kale wa amonaiti, huenda pembepembe; kwa amonaiti wengi wa vipindi vya kale vya Jurasiki na Kretasia umechanikachanika kama ukingo wa jani. Aidha, mrija mwembamba uliounganisha vyumba hupita kwenye ukingo wa nje kwa karibu amonaiti wote, ilhali kwa notiloidi wengi hutoboa kuta katikati au jirani na katikati.

Mishono hiyo huonekana pale gamba lilipobanduka na kuacha matope yaliyogeuka jiwe ndani yake, nayo imo juujuu tu, hivyo brashi ikipita mara chache ushahidi umekwenda. Siki nayo huyeyusha mawe ya chokaa, na kisukuku chenyewe mara nyingi ni chokaa.

Kwa hiyo, kipigwe picha kikiwa bado mwambani, rula ikiwa kando, kisha ubavuni, ukingoni na mdomoni. Yaandikwe mahali kilipopatikana, tabaka na aina ya mwamba, kwa kuwa amonaiti walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita na umri wa tabaka hupunguza majibu yanayowezekana. Vipande vyote vifungwe kwa karatasi, lebo moja ndani na nyingine nje, na mwenye kuleta asaini fomu ya makabidhiano, ambayo haihamishi umiliki.

Sheria hutofautiana, lakini nchi nyingi hutaka kibali cha kuchimba na kingine cha kusafirisha nje, na asiyekuwa nacho anaweza kutaifishiwa kisukuku, kutozwa faini au kufungwa. Idara haikadirii bei, na maombi ya aina hiyo hayatajibiwa.