Bima ndogo haitengenezi gari lako
Wengi wanaonunua gari la kwanza, IST au Vitz iliyotumika, huamini bima ndogo italitengeneza wakigonga. Sivyo. Bima hiyo, iliyo ya lazima kisheria Tanzania, humlipa uliyemgonga: majeraha na mali yake. Taa, bampa na rejeta yako ni juu yako.

Bima kubwa ndiyo hugusa gari lako, na ada yake kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya VAT: gari la milioni 12 ni shilingi 420,000. Tafadhali usishushe thamani ili kupunguza ada. Ukiandika milioni 6, hasara ya milioni 2 huweza kulipwa nusu tu, kisha ukakatwa mchango wako (excess), yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ambao kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya mara nyingi huwa mkubwa zaidi. Kiulizie kiwango hicho kabla ya kulipa.