Unatafuta ukoo wako Lubumbashi? Usianze na jina

Karibu kila anayeingia kwenye chumba chetu cha nyaraka huuliza swali moja kuhusu nkambo, yaani babu au bibi yake: "Jina la nkambo wangu liko humu?" Nami humuuliza: alitoka kijiji gani, chini ya shefu (chifu) gani, na kazini matrikule yake, yaani namba yake ya mfanyakazi, ilikuwa ngapi? Wengine hukunja uso wakidhani sitaki kuwasaidia.

Jina linapotosha. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, huku Katanga kusini mwa Kongo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi wakatafutwa mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, na kuanzia 1925 hata Rwanda na Burundi. Wengi wao hawakuwa na jina la ukoo la kurithi kwa baba. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu mara nyingi jina lilieleza mtu alivyozaliwa. Kwa Waluba wa Kasai mapacha ni Mbuyi na Kabanga. Kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange. Baba wa mapacha wa Kasai huitwa Shambuyi. Kwa hiyo ukikuta "Shambuyi" kwenye karatasi, usiwakusanye akina Shambuyi wote ukadhani ni ukoo mmoja. Umeambiwa tu kwamba nyumbani mwake walizaliwa mapacha, watafute hao.

Halafu kuna karani, aliyeandika alichosikia. Tshibanda wa Kasai, akiandikwa na mtu wa Malemba-Nkulu huku Katanga, angeweza kugeuka Kibanda, na kwa karani wa upande wa Zambia akawa Chibanda. Na mwaka 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, akina Joseph na akina Marie walitoweka kwenye karatasi huku wenyewe wakiwa hai.

Namba haigeuzwi na lafudhi ya mtu. Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba ambayo baadaye ilikuja kuwa Gécamines, ilimpa kila mfanyakazi matrikule. Nimekutana na wazee wasiojua mwaka waliozaliwa, lakini matrikule wanakutajia bila kusita. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilipunguza kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao. Mke na watoto waliolishwa kwa posho walipaswa kuandikwa. Ndiyo maana bibi ambaye huwezi kumwona kwenye karatasi nyingine yoyote, unaweza kumkuta kwenye faili la mume wake.

Kijitabu cha kitambulisho cha enzi ya Wabelgiji nacho ni hazina. Humo mna kijiji, shefu na teritware (wilaya ya utawala), waajiri mmoja baada ya mwingine, na alama za kodi mwaka kwa mwaka. Mahali penye pengo, uliza: je, alirudi kijijini, au aliugua? Majina ya miji yasikubabaishe: Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba, Bakwanga ni Mbuji-Mayi.

Lakini kwangu mimi, daftari linalosema mengi kuliko yote ni la ubatizo katika parokia za Kikatoliki, na watu hulisoma nusu. Wanasoma mstari wenye jina, tarehe, wazazi na msimamizi, kisha wanafunga. Tazama pambizoni. Kwa kanuni ya Kanisa, padri aliyefungisha ndoa hutuma taarifa kwenye parokia alikobatizwa bwana au bibi arusi, nayo huandikwa pembeni ya jina lake. Kwa njia hiyo daftari la misheni ya porini linaweza kukueleza kilichotokea Elisabethville miaka 20 baadaye. Na kinyume chake: ili kufunga ndoa mjini ilibidi kuleta cheti cha ubatizo, kwa hiyo daftari la ndoa hukuonyesha misheni ya asili.

Jihadhari na mambo mawili. Miaka ya kuzaliwa ya zamani mara nyingi ilikadiriwa kwa macho. "Karibu na 1910" ichukue hivyo hivyo, karibu. Na palipoandikwa kabila, kumbuka kwamba nani aitwe nani aliamua mwenye kalamu, na pengine alitazama tu mahali mtu alipoandikishwa kazi. Tuliona mwaka 1992 na 1993 jinsi neno "asili" lilivyowafukuza watu wa Kasai kutoka Likasi na Kolwezi, wengine wakiacha nyumba na karatasi zao zote. Naomba karatasi hizi zisitumike tena kwa kazi hiyo.

Nkambo wangu alibatizwa misheni ya upande wa Moba, akafunga ndoa hapa mjini. Parokia moja niliyoiendea ilikuwa imeacha madaftari sakafuni, na mchwa walikuwa wamekula kurasa za miaka niliyoitaka. Nikaandika barua kule alikobatizwa, wakanipigia picha ukurasa mmoja. Pambizoni, kwa mwandiko mwingine na wino uliofifia, mliandikwa: ndoa, Elisabethville, 1938, na jina la mwanamke. Halikuwa jina la bibi yetu. Chini yake palikuwa na ndoa ya pili, 1941, na hapo ndipo bibi yetu alipotokea.

Nilimpelekea shangazi, dada mkubwa wa baba, pale Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nikamsomea jina la kwanza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Ee mwanangu. Huyo ndiye mama wa tata yenu mukubwa, baba yenu mkubwa. Alifariki akijifungua. Tulikatazwa kumtaja mbele ya mama." Akanitajia kijiji cha yule mwanamke, na wimbo ambao huyo tata mukubwa alikuwa akiuimba bila kusema ameutoa wapi. Niliandika maneno yake nyuma ya picha ya ukurasa ule, na tarehe, naye akaniomba nimwachie nakala.