Je, wajua kwa nini tui la nazi hukatika jikoni?

Mpishi anaweza kuchagua nazi iliyokomaa, akaikuna vizuri, akachuja tui jeupe na zito, kisha dakika chache baada ya kulibandika motoni akakuta chembechembe nyeupe zinaelea juu ya maji ya kijivu, huku mafuta yametanda pembezoni mwa sufuria. Tui limekatika. Mara nyingi lawama humwangukia mpishi, kwamba hana mkono, au huiangukia nazi yenyewe. Chanzo hasa ni namna tui lilivyoundwa, na ukishaielewa, karibu kila agizo la wapishi wa pwani kuhusu tui linapata maelezo yake.

Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake, na protini kiasi cha asilimia 3 tu. Nazi iliyokunwa inapokamuliwa kwa maji ya vuguvugu, mafuta hayo hutoka yakiwa matone madogo mno yaliyotawanyika ndani ya maji, na matone hayo, kwa kuutawanya mwanga, ndiyo yanayolipa tui weupe wake. Kwa kawaida mafuta yangeungana mara moja na kuelea juu. Kinachoyazuia ni utando mwembamba wa protini na fosfolipidi (aina ya mafuta inayoshikamana na maji pia) unaolizunguka kila tone. Tatizo ni kwamba mafuta ni mengi na walinzi wake ni wachache, kwa hiyo tui huishi katika hali ya mashaka tangu linapotoka kwenye chujio. Likiachwa mezani kwa saa chache, sehemu nzito hupanda juu na maji hubaki chini. Huko bado si kukatika, kwa sababu ukilikoroga hurudi kama lilivyokuwa.

Moto hubadilisha mambo. Protini za nazi, ambazo nyingi ni za jamii ya globulini na albumini, hukunjuka na kushikamana joto linapovuka takriban nyuzi 80 za Selsiasi, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Zikishashikamana zenyewe kwa zenyewe, haziwezi tena kuufunika kila upande wa tone. Matone hugongana, huungana, na mafuta hujitenga. Chembechembe nyeupe anazoziona mpishi ni protini hizo zilizoganda pamoja na mafuta yaliyonaswa ndani yake.

Hapa maziwa ya ng'ombe yanatoa ulinganisho mzuri. Hayo yana mafuta ya asilimia 3 hadi 4 hivi, na protini inayokaribia kiasi hicho hicho, ambapo takriban asilimia 80 ya protini hiyo ni kasini, inayostahimili kuchemshwa. Ndiyo maana maziwa yaliyo mazima yanaweza kuchemka mpaka yakafurika jikoni bila kukatika, ilhali tui huhitaji uangalizi wa karibu.

Uchachu ni adui wa pili, na pengine ndiye mkali zaidi. Protini zinazozunguka matone huwa na chaji ya umeme inayoyafanya matone yasukumane. Ndimu, ukwaju, nyanya na embe bichi huiondoa chaji hiyo. Tui bichi lina pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, inayokaribia 6, na kadiri kipimo hicho kinavyoshuka kuelekea 4, ndivyo protini zinavyopoteza nguvu ya kusukumana na kuanza kuganda hata kabla ya moto kuwa mkali. Kwa sababu hiyo hiyo tui lililolala bila ubaridi katika hali ya hewa ya joto hukatika upesi mno: bakteria wamekwisha kulitia uchachu kabla halijafika jikoni.

Jambo hili ni rahisi kulijaribu nyumbani. Gawa tui la nazi moja katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ipashe kwa moto mdogo huku ukikoroga, na uiepue mara tu mapovu ya kwanza yanapojitokeza. Ya pili ifunike na uiache ichemke kwa moto mkali bila kuigusa. Ya tatu ipashe kama ya kwanza, lakini ikamulie ndimu kabla ya kuibandika. Kisha chovya kijiko katika kila sufuria na uutazame mgongo wake. Tui zima huupaka mgongo wa kijiko utando mmoja laini, na ukipitisha kidole katikati, mstari hubaki wazi. Lililokatika huacha punje kama za mtindi, zikitenganishwa na mifereji ya maji na mng'ao wa mafuta.

Wapishi wa pwani walikwisha kulitatua suala hili muda mrefu kabla ya mtu kulieleza kwa lugha ya protini. Tui la kwanza, yaani kasimile, huwekwa kando. Tui jepesi la pili ndilo linalopikia samaki, pweza au mihogo hadi iive, kwa kuwa lina mafuta machache na hata likikatika hakuna atakayeona. Kasimile hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa wazi, na mwiko hausimami mpaka tui lichemke kidogo tu. Kukoroga huzuia sehemu ya chini ya sufuria isipate moto kupita kiasi na huzuia sehemu nzito isijikusanye juu. Wapo wanaosisitiza kwamba mwiko uzungushwe upande mmoja tu; kwa maoni yangu sharti hilo halina uzito, mradi mwiko usipumzike.

Niliwahi kula pweza wa nazi katika mgahawa mdogo wa Mji Mkongwe, Unguja, ambako jiko lilionekana kutoka mezani. Pweza alikuwa amekwisha kuiva. Mteja alipoagiza ndipo kasimile ilipomiminwa, na sufuria iliepuliwa pindi mchuzi ulipoanza kutetemeka pembeni. Ukwaju uliokwisha kuchujwa ulitiwa baadaye, sufuria ikiwa chini. Mchuzi ulifika mezani ukiwa na rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, na uchachu wake ulisikika vizuri bila kuacha punje hata moja ulimini.

Si kila chakula kinachohitaji tahadhari hiyo. Katika wali wa nazi, mchele huyanywa maji, na mafuta hubaki yamezipaka punje, kwa hiyo tui likikatika halina madhara. Mihogo, ndizi mbichi na viazi hutoa wanga unaoufanya mchuzi uwe mzito na kuyapunguzia matone nafasi ya kukutana.

Tena, wakati mwingine kukatika ndiko kunakotafutwa. Mafuta ya nazi ya kienyeji hupatikana kwa kulichemsha tui zito hadi maji yote yaishe, mafuta yabaki safi juu na mashapo ya kahawia yabaki chini. Nchini Thailand, wapishi wengi huanza mchuzi wao kwa kuichemsha sehemu nzito ya tui mpaka mafuta yajitenge, kisha huvikaanga viungo vilivyotwangwa ndani ya mafuta hayo hayo. Kosa la mpishi wa Unguja ni hatua ya kwanza ya mpishi wa Bangkok.

Tui la kopo huvumilia zaidi kwa sababu kiwandani hupitishwa kwenye mashine zenye mgandamizo mkubwa zinazoyavunja matone yawe madogo zaidi, na mara nyingi huongezewa gundi ya mmea, kwa mfano ile ya mbegu za guar, ili maji yawe mazito. Anayetumia nazi halisi anaweza kupata msaada wa namna hiyo kwa kijiko kidogo cha wanga wa mahindi uliokorogwa katika maji baridi. Mchuzi uliokwisha kukatika unaweza kuchujwa, ukapoa kiasi, kisha ukasagwa kwenye blenda pamoja na tui bichi kidogo. Hautarudi kuwa kama mwanzo, lakini punje zitapungua sana. Ladha na lishe havikuwa vimepotea.

Wanaohifadhi tui kwenye friza wazingatie jambo moja zaidi. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, na fuwele zake, pamoja na zile za barafu, huutoboa utando unaoyazunguka matone. Tui hilo likiyeyuka huwa limeshaanza kukatika kabla halijaonja moto, kwa hiyo linafaa zaidi kupikia wali au maharage kuliko kumalizia mchuzi wa samaki.