Maji safi ya kunywa si dutu safi: maana ya usafi katika kemia

Neno "safi" lina maana mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara, na mkanganyiko huo humsumbua karibu kila anayeanza kujifunza kemia. Katika mazungumzo ya kila siku, maji safi ni yale yasiyo na uchafu wala vijidudu vya maradhi, yanayofaa kunywewa bila hofu. Kwa mkemia, maji hayohayo ni mchanganyiko, kwa kuwa ndani yake mmeyeyuka madini kama kalisi na magnesi, gesi zinazotoka hewani, na mara nyingi klorini iliyotiwa ili kuua vijidudu. Dutu safi katika kemia ni maada ya aina moja pekee, isiyo na kitu kingine kilichochanganyika nayo, iwe ina manufaa kwa mwili au ina madhara.

Hospitali inatupa mfano ulio wazi. Maji ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa kwa kawaida huwa na gramu 9 za sodiamu kloridi katika kila lita. Huo ni mchanganyiko, na ni lazima uwe mchanganyiko, kwa sababu maji matupu yakiingizwa kwa wingi moja kwa moja kwenye damu hupenya ndani ya seli nyekundu hadi zikavimba na kupasuka. Zebaki isiyo na chembe ya kitu kingine, kwa upande wake, ni dutu safi kabisa, na ni sumu. Ninasisitiza jambo hili mapema kwa sababu neno "safi" kwenye lebo ya kemikali halisemi lolote kuhusu usalama wake.

Dutu safi ni za aina mbili. Ya kwanza ni elementi, yaani dutu yenye atomu za namna moja tu, kama vile dhahabu, salfa, kaboni au oksijeni. Ya pili ni kampaundi, ambayo hutokea pale atomu za elementi mbili au zaidi zinapoungana kikemikali kwa uwiano usiobadilika. Gramu 9 za maji huwa na takriban gramu 8 za oksijeni na gramu 1 ya haidrojeni, yawe yamekenekwa maabarani au yametokana na barafu ya kale iliyoyeyushwa. Mchanganyiko hauna sharti hilo. Mtu anaweza kutia chumvi kidogo au nyingi ndani ya maji, na kila mara atapata maji ya chumvi.

Leo tofauti hiyo yaonekana nyepesi, lakini kuifikia kulihitaji mabishano makali. Mwishoni mwa karne ya 18 mkemia Mfaransa Joseph Proust, aliyefanya kazi Hispania, alionyesha kwamba kaboneti ya shaba huwa na viambato vyake kwa uwiano uleule, iwe imechimbwa ardhini au imetengenezwa kwa mkono wa binadamu. Mwenzake, Claude Louis Berthollet, alipinga, akatoa mifano ya aloi (metali zilizoyeyushwa na kuchanganywa pamoja), vioo na miyeyusho ambayo uwiano wake hubadilika. Mifano yake ilikuwa ya kweli; alichokosa ni kutambua kwamba vitu hivyo ni michanganyiko, si kampaundi. Kwa maoni yangu, mwanafunzi akiuelewa ubishi huo ameielewa nusu ya mada nzima, kwani atakuwa ameona kwamba swali la msingi ni kama uwiano unaweza kubadilishwa, wala si kama kitu kinaonekana cha aina moja machoni.

Jaribio la chuma na salfa hulionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Chukua gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa, uzikoroge pamoja. Rangi itakuwa ya kijivu yenye umanjano, lakini chuma kitabaki chuma na salfa itabaki salfa: sumaku ikipitishwa juu yake itakivuta chuma na kuiacha salfa. Ukiupasha moto unga huo, utafika mahali utaanza kuwaka wekundu, na wekundu huo utaendelea kusambaa hata baada ya kuondoa moto, kwa kuwa muungano wenyewe unatoa joto. Kinachobaki ni kitu kigumu cheusi, salfaidi ya chuma, ambacho hakitenganishwi tena kwa sumaku. Tofauti huonekana hata kwa asidi haidrokloriki: chuma hutoa gesi ya haidrojeni isiyo na harufu, ilhali salfaidi ya chuma hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ni sumu, hivyo jaribio hili lifanyike mahali penye mfumo wa kuvuta hewa na chini ya usimamizi wa mwalimu.

Michanganyiko mingine hujionyesha yenyewe, kama mchanga na kokoto. Mingine huwa sawa kote, kama maji ya chumvi, hewa na aloi. Maziwa hudanganya: kwa macho yanaonekana sawa, ila chini ya hadubini matone ya mafuta yanaonekana yakielea.

Ikiwa macho hayatoshi, tutajuaje? Njia moja ni kupima kiwango cha kuyeyuka na cha kuchemka. Maji yasiyo na kitu kingine, katika kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari, huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo, huanza kuganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Lehemu yenye bati 63% na risasi 37% huyeyuka yote kwa mpigo kwenye nyuzi 183, kana kwamba ni dutu safi, nayo ni mchanganyiko.

Hata wataalamu wakubwa wamewahi kudhani mchanganyiko ni dutu safi. Lord Rayleigh wa Uingereza aligundua kwamba naitrojeni iliyotokana na hewa ilikuwa nzito kuliko ile iliyotokana na kampaundi, kwa takriban nusu ya asilimia. Wengi wangeipuuza tofauti ndogo kiasi hicho, yeye hakuipuuza. Mwaka 1894, akiwa na William Ramsay, alitangaza kwamba ndani ya ile "naitrojeni" ya hewani mlikuwa na gesi isiyojulikana, agoni, ambayo hufikia karibu 0.93% ya hewa kavu. Mwaka 1904 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, Rayleigh katika fizikia na Ramsay katika kemia.

Usafi wa kemia, basi, hupimwa kwa kiwango, na kiwango hutegemea kazi. Kemikali ya 99% hutosha kwa majaribio mengi ya darasani. Silikoni ya kutengenezea vifaa vya elektroniki husafishwa hadi 99.9999999%, maana yake katika kila atomu bilioni moja, moja tu ndiyo ngeni. Baada ya kazi yote hiyo, mafundi huingiza humo atomu chache za boroni au fosforasi kwa kipimo maalumu, kwa sababu silikoni tupu hupitisha umeme kwa shida, na ni nyongeza hiyo ndogo inayoiwezesha kufanya kazi ndani ya kompyuta.