Nyimbo 16 Zinazoanza na "A"

Chumba cha karaoke kule Kyoto kilinifundisha kwamba kwa Wajapani wimbo hukaa chini ya silabi yake ya kwanza. Orodha yao haiendi a, be, che. Inaenda a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, mpangilio walioupata kutokana na elimu ya Kisanskriti iliyofika pamoja na dini ya Buddha. Sisi tuliokariri ba, be, bi, bo, bu ubaoni hatupati shida. Tabu huanza ukifungua "sa". Hapo utakuta "Sakura" ya Moriyama Naotaro ya 2003, "Sakura" ya Ketsumeishi na "Sakura" ya Kobukuro, zote mbili za 2005, na "Sakura" ya Ikimono-gakari ya 2006. Mtu akikuambia umwekee "Sakura", huna budi kumuuliza: ya nani?

Nyimbo nilizozisomea hasa ni za zamani zaidi ya hizo, na humo "sa" ina wimbo mmoja tu. Msongamano uko kwenye "a".

Kijapani kina neno moja, uta, kwa wimbo na kwa shairi. Msomaji aliyezoea kusikia malenga akighani hatashangaa. Mwanzoni mwa karne ya 13, Fujiwara no Teika, mshairi wa Kyoto, alichagua washairi 100 na kuchukua uta moja kwa kila mmoja. Mkusanyiko huo huitwa Hyakunin Isshu, yaani watu mia, shairi moja moja. Kwa kawaida shairi lina mizani 31: 5, 7, 5, halafu 7, 7. Nasema mizani kwa makusudi, kwa sababu hesabu yao inafanana mno na yetu. "N" ya neno lao ringo (tofaa) ni mizani kamili, ri-n-go, kama ilivyo "n" ya nchi au "m" ya mtu. Nimewahi kuwaona wanafunzi wa Kizungu wakisota wiki nzima juu ya jambo hilo. Mswahili analielewa kabla chai haijapoa.

Mashairi haya hayana vichwa. Hutajwa kwa maneno yake ya kwanza, kwa hiyo mwanzo ndio jina. Na ndani ya majina hayo kuna mchezo.

Unaitwa karuta. Wareno waliofika Japani karne ya 16 waliacha huko neno lao carta, na Wareno haohao walipita pwani yetu, nasi tukabaki na karata. Ndugu wawili wa mama mmoja, hawajuani.

Wachezaji wawili hupiga magoti kwenye mikeka ya tatami, wakitazamana. Kila mmoja ana karata 25 mbele yake, zimefunuliwa, na kila karata imeandikwa nusu ya pili tu ya shairi, zile 7 na 7 za mwisho. Hupewa dakika 15 za kukariri karata gani iko wapi. Kisha msomaji anaanza kughani shairi kutoka mwanzo, na anayelitambua huwahi karata yenye mwisho wake. Zinazosomwa ni zote 100, lakini mkekani zipo 50. Nyingine 50 ni karata hewa, kama wale wafanyakazi hewa tunaowajua: jina linaitwa, mwenyewe hayupo. Ukikurupuka na kugusa karata wakati shairi lililosomwa ni hewa, mpinzani anakuongezea moja ya kwake. Mshindi ni yule anayemaliza zake kwanza.

Basi swali la mchezo ni hili: nisikie silabi ngapi ndipo nijue? Wenyewe huita kimariji, silabi za kukata shauri. Mashairi saba yanatosha silabi moja, kwa kuwa hakuna jingine linaloanza hivyo: mu, su, me, fu, sa, ho, se. Watoto hukariri zikiwa neno moja, musumefusahose. Msomaji akitamka "fu", mchezaji mzuri ameshaondoka kwenye upepo wa ile "f", irabu haijafika. Zipo silabi zenye mashairi mawili, kama "tsu": tsu-ki au tsu-ku, unangoja moja zaidi. "Na" yako manane.

Na "a" yako 16. Hili si ajabu ukiangalia msamiati wa washairi wa kale: aki ni majira ya majani kupukutika, asa ni asubuhi, arashi ni dhoruba, ariake ni mwezi unaobaki angani hadi kunakucha. Mapenzi na majonzi yao mengi yalipita mlango huo. Lingekuwapo na la kumi na saba, shairi namba 44 katika mkusanyiko, maana kwa tahajia ya kale linaanza na "a", a-fu. Ila hutamkwa "oo", na mchezo huu ni wa sikio, basi linahesabiwa kwa "o". Nililitafuta kwenye "a" miezi miwili kabla mtu hajanionea huruma.

Ndani ya hayo 16 wamo mapacha. Pacha wa kwanza ni wa Sakanoue no Korenori:

A-sa-bo-ra-ke / a-ri-a-ke no tsu-ki to...

Pambazuko, hata ukadhani ni mwanga wa mwezi wa alfajiri, kumbe ni theluji nyeupe iliyoangukia kijiji cha Yoshino. Pacha wa pili ni wa Fujiwara no Sadayori:

A-sa-bo-ra-ke / U-ji no ka-wa-gi-ri...

Pambazuko, ukungu wa mto Uji unakatikakatika, na miti ya wando wa kunasia samaki inajitokeza mmoja mmoja majini. (Kwangu huyu wa pili ndiye bora. Aliyewahi kuona wando maji yakitoka atanielewa.)

Hesabu mwenyewe: a, sa, bo, ra, ke. Silabi tano hazikwambii lolote. Ya sita ndiyo inayoamua, "a" au "u". Wachezaji wakisikia asabo- huweka kiganja kuzunguka karata wanayoitaka, kama mtu anayekinga kibatari na upepo, ili mpinzani asipate pa kupita, wakasubiri hivyo hadi silabi ya sita.

Nami nilijifunza kusubiri. Nilijivunia subira yangu. Nikaalikwa kucheza na binti wa sekondari, mpole, aliyeniinamia kwa adabu zote. Karata ya Uji ilikuwa upande wangu, karibu na goti la kulia, mahali ambapo hata usingizini nisingeikosa. Msomaji akamaliza shairi lililotangulia, pakapita ukimya wa kama sekunde moja, akaanza: "A-sa..."

Nikainua mkono kukinga. Karata haikuwapo. Ilikuwa imeruka mikeka miwili huko, na binti alikuwa ameshasimama kwenda kuiokota, huku msomaji bado yuko kwenye bo-ra-ke.

Silabi za kukata shauri hubadilika mchezo ukiendelea, na hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni tu. Yanayoanza na "asa" ni matatu: hao mapacha na moja liitwalo Asaji. Asaji lilikuwa limeshasomwa mapema. Pacha wa Yoshino naye alisomwa katikati, akawa hewa, sote wawili tukatulia. Tangu dakika ile, Uji halikuwa tena la silabi sita. Lilikuwa la mbili.

Binti alirudi, akapiga magoti, akanisogezea karata moja ya kwake kama kanuni inavyotaka, maana alichukua kwenye eneo langu. Nikaitazama. Ilikuwa mwisho wa shairi jingine la "a".