Leseni ya kudumu hudumu mpaka fundi apige windo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa Ipagala, Dodoma, aliingia ofisini kwangu, laptopu kaifunga kwenye kanga kwa ajili ya vumbi. Shikamoo mwalimu, marahaba, habari za jua hili. Akakaa, akaifungua. "Mwanangu, hii programu ya kuunganisha video niliinunua mazima. Si ya kukodi. Mbona inanidai namba upya?"

Ni mtu wa nne mwaka huu kuniuliza swali hilohilo, na wote wanne waliniangalia kama vile mimi ndiye niliyewauzia. Basi naandika mara moja, atakayefuata nitamtumia hapa.

Watu wanaamini kwamba programu uliyoilipia mara moja ni yako kama jembe. Si yako. Ulichopewa ni ruhusa ya kuitumia. Aliyelipia mazima na anayelipia kifurushi cha mwezi wote wana ruhusa tu, ila ya huyu wa kwanza haina tarehe ya mwisho. Hapo ndipo neno "kudumu" linapokomea. Kama programu itawaka kesho, hilo halikuahidiwa na mtu. Na ukikuta imeandikwa "ya maisha", soma mkataba ujue ni maisha ya nani, maana mara nyingi ni ya bidhaa, si yako. Huko California wameona watu wanachanganyikiwa: tangu 1 Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kuandika "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, labda iwe kitu ambacho hawezi tena kumnyang'anya.

Sasa turudi kwa mwalimu. Laptopu yake ilikuwa nzito kufanya kazi, akaipeleka kwa fundi, fundi akafanya wafanyalo mafundi wote: akapiga windo, yaani akafuta diski na kuweka Windows upya. Hakuuliza. Leseni nyingi za namna ile huandikishwa kwenye seva, ile kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni, kwa alama za mashine, na unapewa nafasi ya mashine moja au mbili. Ukitaka kuhama, unatakiwa uitoe kwanza mashine kwenye orodha hiyo ukiwa ndani ya programu, nafasi irudi. Ukifuta diski kabla ya hapo, seva inaendelea kuamini kwamba ile mashine ya zamani ipo mahali fulani inafanya kazi, na wewe mwenye laptopu ileile, kwenye meza ileile, ni mgeni. Mwalimu alikuwa ameshapigiwa windo mara mbili. Nafasi zimekwisha. Tukawaandikia, wakajibu kwa adabu kubwa kwamba toleo lake halihudumiwi tena. Leseni yake ya kudumu bado ipo hai. Ila haina pa kukaa.

Nitalirudia hili mpaka mnichoke: kabla ya kupiga windo, muulize mwenye mashine ana programu gani za kulipia. Dakika mbili tu, jamani.

Na seva yenyewe nayo si ya milele. Adobe, wenye programu ya video ya Premiere, walipozima seva ya CS2, mkusanyiko wao wa programu wa mwaka 2005, walitoa nakala isiyohitaji kuiuliza seva ruhusa. Vizuri. Usitegemee kila kampuni itafanya hivyo, hasa ile ambayo imeshauzwa au kufa.

Tuseme seva ipo na fundi ana adabu. Bado video zenyewe zinabadilika. CS6, toleo la mwisho la mkusanyiko huo ambalo Adobe waliliuza mazima kabla ya kuhamia kwenye kifurushi, lilitoka 2012. Kodeki ya HEVC, yaani njia mojawapo ya kubana video, ilipitishwa 2013, na tangu iOS 11 ya 2017 simu za iPhone, kuanzia iPhone 7, zinarekodi kwa kodeki hiyo usipozibadilisha mipangilio. Mjukuu anarekodi kipaimara, anamletea bibi faili, programu inatoa sauti bila picha au inagoma kabisa. Programu haijaharibika. Imetengenezwa kabla kitu hicho hakijazaliwa. Wenye Mac nao, mfumo wa Catalina wa 2019 ulizifungia nje programu zote za muundo wa zamani wa biti 32, za kudumu na zisizo za kudumu.

Wauza vifurushi msianze kuchekelea. Kinachoniudhi kwenu ni kile kifurushi kinachoitwa cha mwaka lakini kinalipwa kila mwezi. Mtu anaona bei ya mwezi, anaweka kadi ya M-Pesa, anaediti sendoff ya binti yake, mwezi wa pili anataka kuacha. Kwa Adobe, ukivunja mkataba wa namna hiyo baada ya siku 14 unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwashtaki kwa madai kwamba tozo hiyo wameificha. Usiniambie "nitaacha kadi bila salio." Mkataba hausomi salio. Kama kazi yako ni mbili kwa mwaka, tafuta ule wa mwezi mmoja mmoja kwelikweli. Ni ghali zaidi kwa mwezi, lakini unaondoka bila kuagwa.

Halafu kuna popo, si ndege si mnyama. Premiere Elements, mdogo wake Premiere, ambayo miaka yote ilikuwa ya kununua mazima, kuanzia toleo la 2025 inauzwa kwa leseni ya miaka 3. Unalipa mara moja, na bado inaisha.

Wenye kreki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli: mnazima ulinzi wa mashine ili muingize faili la mtu msiyemjua, kisha mnaniletea niwarudishie picha za harusi. Tuendelee.

Vijana wa kazi nawaambia waangalie DaVinci Resolve, programu nyingine ya video: ya bure inatosha wengi, na ile ya kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja, laki saba na ushee, wakati Premiere kwa mkataba wa mwaka ni dola 22.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Ukifika mwezi wa 13, kifurushi kimeshaipita Studio kwa gharama. Na matoleo mapya mpaka sasa yamekuwa yakitolewa bila kulipa tena. Nasema hivyo kwa sauti, lakini nikiwa peke yangu nina shaka. Ni ukarimu wa kampuni inayouza pia kamera, na ukarimu si kifungu cha mkataba. Tena mimi mwenyewe mnayenisoma bado nalipia kifurushi, kwa sababu projekti zangu za miaka sita zimo humo. MP4 nilizorenda, yaani video zilizokwisha kamilika, ni zangu, zinafunguka hata bila kifurushi. Taimulaini, ule mpangilio wa vipande ndani ya programu, siyo. Nikiacha kulipa, mteja akitaka jina la mjomba lisahihishwe, sina pa kulisahihishia. Kila mwezi nasema nitahama.

Laptopu ya mwalimu ina RAM ya GB 4, Resolve ingeiua. Nikamwekea Shotcut, ya bure, msimbo wake uko wazi, na faili la kuisakinishia nikaliweka kwenye flashi aifungie kabatini. Hilo halimuulizi mtu ruhusa. Projekti zake za zamani hazikufunguka, tukaokoa klipu na zile alizokwisha kurenda. Hakufurahi. Anasema maandishi ya kwenye ile yake yalikuwa mazuri zaidi, na ni kweli.

Tangu juzi ananipigia kila jioni kuuliza kitufe cha kukata kiko wapi. Ni herufi S, mwalimu.